Mashahidi wa Shamba Lililoporwa

Mwezi Julai mwaka 1938, mahakama ya London ilitoa hukumu katika kesi ambayo mdai wake alikuwa mfalme asiye na nchi. Haile Selassie alikuwa akiishi uhamishoni katika mji wa Bath, kwenye nyumba iitwayo Fairfield, na fedha zilikuwa zikimwishia. Alikuwa ameishitaki kampuni ya Cable and Wireless. Kampuni hiyo iliwahi kuingia mkataba na serikali yake wa kuendesha simu ya upepo baina ya Ethiopia na Uingereza, na katika hesabu za mkataba huo ilibaki ikidaiwa zaidi ya pauni 10,000. Kampuni haikukana deni. Ilichouliza ni hiki: imlipe nani? Maana balozi wa Italia naye alikuwa amebisha hodi, akidai kwamba fedha hizo ni mali ya bwana wake, Mfalme Vittorio Emanuele, ambaye sasa alijiita pia Mfalme Mkuu wa Ethiopia.

Jaji Bennett hakuhitaji ramani wala taarifa za vita. Alihitaji kauli ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, na kauli ikaja: Uingereza inakubali kwamba Italia ndiyo inayotawala, kwa hali halisi, karibu nchi yote ya Ethiopia, lakini kwa mujibu wa sheria bado inamtambua Haile Selassie kuwa mfalme wake. Basi jaji akaamuru alipwe Haile Selassie. Kampuni ikakata rufaa.

Kabla ya kuifikia rufaa hiyo inatubidi turudi nyuma miaka saba, twende mbali na London na mbali zaidi na Addis Ababa.

Usiku wa tarehe 18 Septemba 1931, baruti ililipuka kando ya reli karibu na Mukden, mji ambao leo unaitwa Shenyang, katika Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Reli ilikuwa ya Wajapani. Madhara yalikuwa madogo hata treni iliyofuata ikapita salama. Lakini Jeshi la Kwantung, yaani kikosi cha Japani kilichokuwa kikiilinda reli hiyo, lilidai kwamba Wachina wameishambulia, na kulipopambazuka Mukden ilikuwa mikononi mwake. Baadaye ikajulikana kwamba baruti ile ilitegwa na maofisa wa jeshi hilohilo. Mwanzoni mwa Januari 1932 mji wa Jinzhou nao ukaanguka, na utawala wa China ukawa umeng'olewa kusini mwa Manchuria.

Mjini Washington, Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa Henry Stimson, mwanasheria wa New York aliyeamini kwamba mkataba ni mkataba. Na mkataba ulikuwapo. Tarehe 27 Agosti 1928, mjini Paris, Japani na Marekani zilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini kwamba zimeacha kabisa kutumia vita kama chombo cha siasa ya taifa. Stimson alitaka Japani ibanwe, ikiwezekana hata kwa kuinyima biashara. Rais wake, Herbert Hoover, alikataa. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka, watu walikuwa kwenye foleni za mkate, na Hoover mwenyewe alilelewa katika dhehebu la Marafiki, lile ambalo wasomaji wa Kaimosi na Vihiga wanalijua vizuri, lisilopenda vita. Aliona kwamba ukianza na vikwazo utaishia kwenye mizinga.

Kilichobaki kilikuwa ulimi. Tarehe 7 Januari 1932 Stimson alizipelekea serikali za China na Japani ujumbe wenye maneno yaleyale kwa zote mbili: Marekani haitatambua hali yoyote, mkataba wowote wala makubaliano yoyote yatakayopatikana kwa njia inayouvunja mkataba wa Paris. Wazo halikuwa jipya kabisa. Mwaka 1915 waziri mwingine wa Marekani, William Jennings Bryan, aliwahi kuiandikia Japani maneno yanayofanana na hayo ilipokuwa ikiibana China. Safari hii, hata hivyo, neno lilishika, likaitwa Kanuni ya Stimson. Hoover naye baadaye alidai kwamba wazo lilikuwa lake.

Msomaji wa kijijini atalielewa jambo hili upesi kuliko wanadiplomasia. Shamba likiuzwa, karatasi huandikwa mbele ya mashahidi: mjumbe wa nyumba kumi, majirani wa mpakani, wazee wawili watatu, kila mmoja akaweka saini au dole gumba. Mbabe anaweza kumfukuza mjane shambani kwa panga, akalima na akavuna, na majirani wasiwe na ubavu wa kumtoa. Ila akija na karatasi yake wanaweza kukataa kuweka dole gumba. Ataendelea kula mahindi ya watu, lakini hataweza kuliuza shamba lile wala kulikopea, na siku mtoto wa mjane akirudi na nguvu zake, hakuna hati ya kumzuia.

Uingereza haikuipokea kanuni hii kwa shangwe. Gazeti la The Times la London liliandika kwamba kutetea umoja wa utawala wa China si kazi ya serikali ya Uingereza. Lakini miezi miwili baadaye, tarehe 11 Machi 1932, Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Mataifa huko Geneva, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa, ulitamka kwamba ni wajibu wa wanachama kutotambua matunda ya uvunjaji wa mkataba wa Paris au wa katiba ya Shirikisho lenyewe. Siku chache kabla ya tamko hilo Japani ilikuwa imeunda dola mpya huko Manchuria, ikaiita Manchukuo, na ikamchukua Puyi, kijana aliyewahi kuwa mfalme wa mwisho wa China akiwa mtoto, ikamkalisha mbele. Shirikisho lilikuwa limekwisha kutuma tume chini ya Mwingereza Lord Lytton, na tarehe 24 Februari 1933 taarifa iliyojengwa juu ya kazi ya tume hiyo ikapitishwa kwa kura 42 dhidi ya moja. Kura hiyo moja ilikuwa ya Japani. Mjumbe wake, Matsuoka Yosuke, alitoka ukumbini na wenzake, na mwezi uliofuata nchi yake ikatangaza kujitoa katika Shirikisho.

Je, Wajapani waliondoka Manchuria? Hawakuondoka. Walikaa hadi mwaka 1945, wakatolewa na vifaru vya Umoja wa Kisovyeti. Hili liko wazi, na wenye kuibeza Kanuni ya Stimson huanzia hapo na kuishia hapo. Mimi nadhani wanaishia mapema mno, kwa sababu ya stempu.

Dola isiyotambuliwa huanza kukwama kwenye vitu vidogo. Kamati ya Shirikisho la Mataifa ilikaa mwaka 1933 ikajadili maswali ambayo hakuna jenerali angeyafikiria: pasipoti ya Manchukuo ipigwe muhuri au isipigwe? Noti zake je? Barua yenye stempu yake ipokelewe? China ilikataa stempu hizo, na barua baina ya Manchuria na sehemu nyingine za China zikawa tabu kwa miaka. Zilipokuja kuruhusiwa mwaka 1935, ilibidi Manchukuo ichapishe stempu za pekee kwa ajili ya barua za kwenda China, zisizo na jina la nchi. Fikiria dola yenye mfalme, wimbo wa taifa na jeshi la Japani mgongoni, inachapisha stempu huku imelificha jina lake. Nje ya Japani, nchi ya kwanza kuitambua ilikuwa El Salvador, mwaka 1934.

Huko Amerika ya Kusini, wakati huohuo, Bolivia na Paraguay zilikuwa zikigombea nyika ya Chaco, na tarehe 3 Agosti 1932 jamhuri 19 za Amerika ziliziambia nchi zote mbili kwamba ardhi itakayotwaliwa kwa silaha haitatambuliwa. Vita vilipiganwa vilevile, miaka mitatu. Nayataja haya kwa sababu maneno ya siku ile yatarudi Geneva.

Sasa tuje kwetu. Ethiopia, au Uhabeshi kama wazee wa pwani walivyoiita, ilijiunga na Shirikisho la Mataifa mwezi Septemba 1923. Ilikuwa na kiti, ilikuwa na kura, na ilikuwa na ahadi kwamba akiguswa mmoja wameguswa wote. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yakaingia kutoka Eritrea. Shirikisho likatamka haraka kwamba Italia ni mvamizi, na kuanzia tarehe 18 Novemba likaiwekea vikwazo. Havikugusa mafuta. Mfereji wa Suez, uliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, ukabaki wazi, na meli za Mussolini zikapita na askari, mabomu na gesi ya sumu. Tarehe 2 Mei 1936 Haile Selassie aliondoka Addis Ababa kwa treni kwenda Djibouti. Tarehe 5 Waitaliano wakaingia mjini. Tarehe 9 Mussolini akasimama kwenye roshani yake Roma, akatangaza himaya.

Huko London, tarehe 3 Juni, watu walijaa katika stesheni ya Waterloo kumpokea mfalme mkimbizi. Miongoni mwao alikuwamo Mkenya aliyekuwa akisoma na kufanya siasa mjini humo, Jomo Kenyatta, mmoja wa viongozi wa chama cha Waafrika waliojitolea kuitetea Ethiopia.

Hotuba ya Haile Selassie huko Geneva tarehe 30 Juni inajulikana: waandishi wa habari wa Kiitaliano walivyopiga miluzi ukumbini hadi wakatolewa, naye akasubiri, kisha akasema kwa Kiamhari. Kisichokumbukwa sana ni alichokiomba. Ujumbe wake uliweka mezani mambo mawili. La kwanza, Shirikisho litamke kwamba halitatambua unyakuzi uliofanywa kwa nguvu. La pili, Ethiopia ikopeshwe pauni milioni 10 ili iendelee kujitetea. Ombi la mkopo lilipigiwa kura tarehe 4 Julai na likapata kura moja ya ndiyo, ya Ethiopia yenyewe. Ombi la kutotambua halikupigiwa kura peke yake. Lilimezwa na azimio la jumla, lenye maneno laini, lililoikumbuka tu kanuni ya nchi za Amerika ya tarehe 3 Agosti 1932. Siku 11 baadaye vikwazo vikafutwa. Hata hivyo, mwezi Septemba Italia iliposhinikiza wajumbe wa Ethiopia wanyimwe viti, Mkutano Mkuu ulikataa na wakaachwa wakae.

Kuanzia hapo likafunguka soko. Mussolini alikuwa na nchi, lakini alitaka hati, na aliitaka kwa uchu ambao wenye kudharau suala la utambuzi hawajawahi kuueleza vizuri. Ujerumani ilimpa mwezi Oktoba 1936. Na Japani? Japani iliugeuza ubalozi wake wa Addis Ababa kuwa ubalozi mdogo, na Italia ikafungua ubalozi mdogo Mukden. Mporaji wa Manchuria alimtilia saini mporaji wa Ethiopia, na mporaji wa Ethiopia akarudisha fadhila. Novemba 1937 Italia ikaitambua Manchukuo waziwazi. Uswisi ilikuwa imeitambua himaya ya Italia tangu Desemba 1936. Mwezi huohuo Uingereza nayo iliushusha ubalozi wake wa Addis Ababa ukawa ubalozi mdogo, ikimaanisha kwamba imekiri hali halisi lakini sheria bado.

Ufaransa ilikwama mahali pa ajabu. Balozi wake wa Roma alipomaliza muda wake mwaka 1936, wakateua mwingine. Lakini balozi huja na hati za utambulisho, na hati huandikwa kwa jina na cheo cha mfalme anayepelekewa. Italia ikasema cheo kamili sasa ni Mfalme wa Italia na Mfalme Mkuu wa Ethiopia. Paris haikutaka kuyaandika maneno hayo manne ya mwisho. Basi balozi hakwenda, na kwa miaka miwili hivi nchi mbili kubwa zinazopakana zikakaa bila balozi wa Ufaransa huko Roma, kwa sababu ya mstari mmoja juu ya bahasha.

Uingereza ndiyo iliyovunja soko kwa bei ya jumla. Waziri Mkuu Neville Chamberlain alitaka kumtenga Mussolini na Hitler, na alijua bidhaa ambayo Mussolini aliitamani. Waziri wake wa Mambo ya Nje, Anthony Eden, alipinga mwendo na haraka ya mazungumzo hayo, akajiuzulu tarehe 20 Februari 1938. Tarehe 16 Aprili makubaliano yakatiwa saini Roma: pamoja na mengine yaliyohusu Hispania na bahari ya Mediterania, Uingereza itaitambua himaya ya Italia. Lakini ilihitaji kwanza kujisafishia njia Geneva. Tarehe 12 Mei, mbele ya Baraza la Shirikisho, Lord Halifax, aliyemrithi Eden, akatoa hoja kwamba kila mwanachama aachiwe aamue mwenyewe, maana amani ni kubwa kuliko kushikilia kanuni isiyotekelezeka. Haile Selassie alikuwamo chumbani. Alikuwa hana nguvu siku ile, na maneno yake yakasomwa na msaidizi wake, Lorenzo Taezaz. Nchi nne zilisimama kuipinga hoja: China, Umoja wa Kisovyeti, Bolivia na New Zealand. China tunajua kwa nini. New Zealand ilikuwa koloni la zamani la Uingereza, ikampinga mama yake mbele ya watu.

Utambuzi wa Uingereza ulianza kazi tarehe 16 Novemba 1938. Na sasa tunaweza kurudi mahakamani. Rufaa ya Cable and Wireless ilisikilizwa mwanzoni mwa Desemba. Majaji hawakuwa na la kujadili. Mfalme wa Ethiopia kwa mujibu wa sheria sasa alikuwa Vittorio Emanuele, na utambuzi ule ulirudi nyuma hadi Desemba 1936, siku Uingereza ilipokiri hali halisi. Kwa hiyo deni lile, ambalo Julai lilikuwa la Haile Selassie, lilikuwa la Mwitaliano tangu kabla kesi haijafunguliwa. Mfalme akarudi Bath mikono mitupu. Wanasheria bado huifundisha kesi hii, na ni nadra kupata mfano wa wazi zaidi wa thamani ya dole gumba, hata kwa pauni na shilingi.

Na Chamberlain alipata nini? Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Hitler.

Wakati huo wote Ethiopia yenyewe haikuwa imetulia. Wapiganaji walikuwa milimani Gojjam na Shoa, na Waitaliano walitawala barabara na miji zaidi ya vijiji. Maelfu ya wakimbizi walivuka kuingia Kenya kupitia nyika za kaskazini, wakawekwa kambini Isiolo na baadaye Taveta. Tarehe 20 Januari 1941 Haile Selassie alivuka mpaka kutoka Sudan. Kutoka Kenya yalipanda majeshi ya Afrika Kusini, ya Afrika Magharibi, na askari wa KAR, hao Keya wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, waliopeana amri kwa Kiswahili chao cha kambini. Addis Ababa ilichukuliwa tarehe 6 Aprili. Mfalme aliingia tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Waitaliano waingie. Ngome yao ya mwisho, Gondar, ilianguka Novemba, na askari wa Afrika Mashariki walikuwapo.

Hapo ndipo saini ya 1938 ilipoleta bili yake. Kwa kuwa Uingereza ilikuwa imekwisha kuitambua Ethiopia kuwa mali ya Italia, wanasheria wake walidai kwamba nchi hiyo ni eneo la adui lililotekwa, liendeshwe na utawala wa kijeshi wa Uingereza hadi mkataba wa amani. Mkuu wa utawala huo alikuwa Sir Philip Mitchell, aliyetoka kuwa gavana wa Uganda na ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Kenya. Mfalme aliyerudi kwenye kiti chake akajikuta anabishana na Mitchell juu ya haki ya kuteua mawaziri wake mwenyewe. Ilichukua hadi tarehe 31 Januari 1942 kupata makubaliano yaliyokiri uhuru wa Ethiopia, tena yakiwa na masharti tele. Marekani, ambayo katika miaka yote ile haikuitambua himaya ya Mussolini, haikuwa na saini ya kufuta.

Kwa maoni yangu kosa la Stimson halikuwa kuandika barua ile, lilikuwa kuiandika bila fimbo yoyote nyuma yake. Mvamizi aliyekwisha kulipa damu hatoki kwa sababu ya karatasi. Wala sioni kwamba Halifax alikuwa mtu wa uhalisia kama alivyojiona. Aliuza kitu ambacho mnunuzi alikililia miaka miwili, akakiita hakina thamani.

Waliojifunza kwa haraka walikuwa Wamarekani. Tarehe 23 Julai 1940, Moscow ilipokuwa ikizimeza Estonia, Latvia na Lithuania, Sumner Welles wa Wizara ya Mambo ya Nje alitamka kwamba nchi yake haitambui. Dhahabu ya nchi hizo iliyokuwa Marekani ikazuiwa, mabalozi wao wakaachwa Washington, wakazeeka, wakafa, wakarithiwa, na ramani za serikali ya Marekani zikaendelea kubeba maelezo kwamba unyakuzi ule hautambuliwi. Hali hiyo ilidumu miaka 51. Mwaka 1991 nchi hizo ziliporudi, hazikuomba kuzaliwa upya. Zilisema zilikuwapo siku zote. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliiandika kanuni hiyo katika azimio lake namba 2625, na Agosti 1990, siku moja baada ya Iraki kuitangaza Kuwait kuwa sehemu yake, Baraza la Usalama likatamka kwamba tangazo hilo ni batili. Safari hiyo fimbo ilikuwapo.

Kuhusu Ethiopia, hesabu zilifungwa Paris tarehe 10 Februari 1947. Katika mkataba wa amani Italia ilikubali kulipa dola milioni 25, na ikakubali kwamba dhamana yake kwa Ethiopia ihesabiwe tangu tarehe 3 Oktoba 1935, siku ile askari wake walipovuka mpaka. Himaya iliyotangazwa kwenye roshani ikawa haina hata siku moja ya uhalali katika karatasi.

Meksiko ilikuwa miongoni mwa nchi chache ambazo hazikutia saini yao kamwe. Mjumbe wake huko Geneva, Isidro Fabela, aliitetea Ethiopia ilipokuwa haina cha kumlipa mtu. Haile Selassie alikwenda huko mwaka 1954 kutoa shukrani. Katika jiji la Meksiko kuna stesheni ya treni ya chini ya ardhi iitwayo Etiopía, yenye alama ya kichwa cha simba, na katikati ya Addis Ababa kuna uwanja unaoitwa Meksiko, ambao kila kondakta wa daladala za mji ule hutangaza jina lake.